Pointi Sita za Mtaro

Agosti 1987 Nairobi ilikuwa na wageni. Michezo ya Afrika, ya nne tangu ianzishwe, ilikuwa imeletwa Kenya, na uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa Wachina, ulikuwa mpya kabisa. Tarehe 12 timu ya taifa ya soka, Harambee Stars, ilicheza fainali na Misri mbele ya uwanja uliofurika, ikafungwa 1-0. Wako wazee ambao hadi leo wanaijadili mechi ile kana kwamba refa bado ana kipenga mdomoni. Desemba klabu ya Gor Mahia ikawafuta watu machozi kwa kulitwaa Kombe la Mandela, na mwaka huo ukaingia katika kumbukumbu za soka la Kenya kama mwaka wa neema.

Ukishuka kutoka Kasarani kwa Barabara ya Thika kuelekea mjini, kabla hujafika Pangani, mkono wa kushoto kuna bonde. Huko nako mpira ulichezwa mwaka huo. Ulichezwa kwa juala: mifuko ya plastiki iliyokunjwakunjwa, ikazungushiwa kamba hadi ikawa duara. Jambo lililoanzia kwenye vumbi la bonde hilo ndilo ninalotaka kulisimulia hapa, kwa sababu naamini limewalea vijana wa Nairobi kuliko sera nyingi za vijana zilizoandikwa katika majengo yenye lifti.

Bonde hilo ni Mathare, mtaa wenye historia chungu. Mwanzo ulikuwa machimbo. Mawe yaliyojenga sehemu ya Nairobi yalichongwa humo, yakaacha kingo za miamba na mashimo ambayo maskini waliyageuza makao. Katika miaka ya Hali ya Hatari Waingereza waliliona bonde hilo kama maficho ya Mau Mau. Wakazibomoa nyumba, na Aprili 1954, katika msako mkubwa uliopewa jina la Operesheni Anvil, maelfu ya Waafrika wa Nairobi, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikusanywa na kupelekwa kizuizini. Uhuru ulipokuja watu walirudi bondeni kwa wingi. Kampuni za kununua ardhi zikaingia, zikajenga safu za vyumba vya mbao na mabati vya kupangisha. Waliokosa kodi wakasogea chini zaidi, hadi kando ya mto, mahali ambapo mapipa ya chang'aa yaliwekewa moto usiku na polisi wakaja kuyamwaga mchana.

Kufikia mwaka 1987 nusu ya wakazi, au zaidi, walikuwa watoto na vijana. Vyoo vilikuwa vya kuhesabu. Maji yalinunuliwa kwa debe. Takataka hazikuwa na wa kuzizoa. Serikali ilikuwa imelivunja Baraza la Jiji mwaka 1983 na kuweka tume ya kuteuliwa, nayo tume ilidumu hadi 1992. Malori yake yalipita penye lami, na mtaa usio na barabara haukuwa na lori. Taka zikatupwa kwenye mitaro, mitaro ikaziba, maji machafu yakaingia vyumbani mvua iliponyesha, na watoto wakaugua kuhara na malaria. Hayo kila mtu aliyajua. Lililokosekana ni mtu wa kuyafanyia kazi ambaye si wa kuagizwa na chifu.

Bob Munro alikuwa Mkanada, mshauri wa masuala ya mazingira na maendeleo, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Alipita Mathare, akawaona watoto wakicheza juala. Hawakuwa na refa, wala ratiba, wala mtu mzima aliyejali nani kashinda. Yeye mwenyewe utotoni kwao Kanada alikuwa amecheza katika timu zilizoendeshwa na watu wazima wa kujitolea, na mara nyingi amesimulia kwamba kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomsukuma. Watoto walitaka mipira ya kweli na ligi ya kweli. Akakubali kusaidia, lakini kwa sharti: wao wakifanya kitu, naye atafanya kitu, wasipofanya, asidaiwe. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama kilichokuja kuandikishwa kwa jina la Mathare Youth Sports Association, ambacho mtaani huitwa MYSA tu.

Sharti lile lilikuwa bado neno tupu hadi lilipotafutiwa mahali pa kushika. Kufikia mwaka 1988 lilipata: jedwali la ligi.

Timu katika ligi za MYSA zilipata pointi kwa kushinda mechi, kama popote duniani. Lakini zilipata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Kila timu ilipangiwa siku na eneo. Wachezaji walifika na reki, sepetu na wilbaro, wakazibua mtaro, wakakusanya uchafu, wakaupeleka mahali ambapo baadaye chama kilipata malori yake ya kuuzoa. Timu iliyokamilisha kazi iliandikiwa pointi 6. Pointi hizo zilizidi zile za kushinda mechi moja. Timu iliyojaa mafundi wa chenga lakini ikakwepa usafi iliweza kumaliza msimu nyuma ya timu ya wachezaji wa kawaida walioshika reki. Na jedwali la ligi, yeyote aliyewahi kuwa na umri wa miaka 12 analijua, halina huruma.

Ni rahisi kuuchukulia mpango huo kama ujanja wa kuwavuta watoto wafagie. Mimi nauona tofauti. Kenya ilikuwa na historia ndefu ya kuwatoa watu kwenda kwenye kazi za pamoja, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuwa ya kujivunia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanawake wa Murang'a kuchimba makinga maji mashambani, na mwaka 1947 wakazi wakagoma. Baada ya uhuru harambee ilijenga shule na zahanati nyingi, hilo halina ubishi, lakini ilifika mahali ikawa mchango unaotozwa na chifu kabla hajakupigia muhuri barua yako. Enzi za Nyayo wanafunzi walitolewa madarasani kwenda kumsaidia Rais Moi kujenga gabioni za kuzuia mmomonyoko wa udongo, kamera za televisheni zikiwa tayari zimefika. Kazi ya pamoja, kwa kijana wa miaka hiyo, ilimaanisha mtu mzima amesimama akielekeza kidole.

Mathare kidole kiliondolewa. Aliyeamua timu ipi isafishe wapi alikuwa kijana wa mtaa huohuo, na aliyehakiki kwamba mtaro umezibuliwa kweli, na si kukwanguliwa juujuu, alikuwa kijana mwingine. Mtaro wenyewe ulipita mlangoni kwa mama wa mmoja wa wachezaji. Kazi ilikuwa na maana ambayo haikuhitaji hotuba.

Chama kilikua haraka. Bonde likagawanywa katika zoni, kila zoni na ligi zake kwa umri, na ligi zikavuka mipaka ya Mathare hadi mitaa jirani ya Eastlands. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na timu zaidi ya 1,000 na vijana wapatao 14,000 katika zoni 16. Watu wa nje husoma tarakimu hizo wakashangazwa na wingi wa wachezaji. Mimi hujiuliza swali la mwalimu wa zamu: nani alipanga mechi hizo zote? Nani aliandika matokeo, akasuluhisha ugomvi wa umri wa mchezaji, akamtafuta refa asiyefika Jumamosi asubuhi?

Vijana wenyewe. Kila zoni ilichagua kamati yake. Kutoka kwenye kamati za zoni kulichaguliwa baraza la michezo na baraza la huduma za jamii, na mabaraza hayo mawili yakatoa wajumbe wa halmashauri kuu ya chama. Wengi wa viongozi na makocha hao hawakuwa wametimiza miaka 20. Kocha wa miaka 15 aliwafundisha watoto wa miaka 10, naye alikuwa na wa miaka 18 aliyemwangalia. Hapo ndipo ulezi ulipofanyika. Mtoto hakupewa mlezi kutoka ofisini anayekuja mara moja kwa mwezi na daftari. Alipewa kaka au dada wa mtaani aliyemzidi miaka mitano, anayemwona kila siku akitoka dukani, na anayejua kama amelala njaa.

Inafaa kukumbuka Kenya ya wakati huo ilivyokuwa. Mwaka 1988 watu wazima walipiga kura za mchujo kwa mlolongo, wakijipanga nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Upinzani ulikuwa haramu. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Katika nchi hiyo, watoto wa mabanda walikuja kupata chombo ambamo kiongozi alichaguliwa, akahojiwa na akaondolewa. Sidhani Munro wala wenzake walipanga kufundisha demokrasia. Walihitaji watu wa kuendesha ligi. Lakini mtoto aliyemng'oa katibu wa zoni kwa sababu ya kupoteza mipira miwili amejifunza jambo ambalo somo la uraia lilikuwa likimficha.

Mwaka 1992 una kisa ambacho vitabu vya historia ya Kenya hukigusa upande mmoja. Vyama vingi vilikuwa vimerudi na uchaguzi ulikuwa Desemba. Chama tawala kikahitaji vijana, na kikundi cha Youth for KANU '92 kikazaliwa chini ya Cyrus Jirongo. Fedha zilimwagwa kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ilibatizwa jina lake, na Wakenya wakaiita "Jirongo" kwa miaka. Kijana mwenye sauti na miguu ya kutembea mikutanoni alilipwa. Mwaka huohuo, Juni, dunia ilikutana Rio de Janeiro kwa mkutano mkuu wa mazingira, na MYSA ikapewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwa kazi yake ya usafi. Shule mbili za siasa ya ujana zilifunguliwa Kenya katika msimu mmoja. Moja ilimfundisha kijana kwamba nguvu zake zina bei. Nyingine ilimfundisha kwamba zina matokeo. Ni ipi iliyotoa wahitimu wengi zaidi katika siasa zetu, msomaji hahitaji kuambiwa.

Mwaka 1992 ndio pia wasichana walipoingia uwanjani. Hapo mambo hayakuwa mepesi, na sitaki kuyapitia mbio. Msichana wa Mathare alikuwa na kazi ambazo kaka yake hakuwa nazo: kuchota maji, kupika, kubeba mtoto mgongoni. Saa za mazoezi ndizo saa za jiko. Wazazi waliogopa giza la njiani na wanaume waliokaa kwenye vilabu vya pombe, na hofu yao haikuwa ya kijinga. Wengine waliona aibu binti yao kuvaa kaptura mbele ya watu. Makocha walilazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, na mechi za wasichana kupangwa ili warudi kabla jua halijazama. Watafiti wawili wa Population Council, Martha Brady na Arjmand Banu Khan, waliichunguza hatua hiyo na kuchapisha ripoti yao mwaka 2002. Waliona kwamba mabadiliko hayakuwa kwa wasichana peke yao. Wavulana pia waliwatazama upya dada zao baada ya kuwaona wakicheza, wakisafisha mitaro na kuketi kwenye kamati. Hata hivyo wavulana waliendelea kuwa wengi kuliko wasichana, na ngazi za juu za chama zilichelewa kuwafungulia. Usawa ulioandikwa kwenye katiba ya chama ulitembea polepole kuliko mpira.

Kulikuwa na suala la ada. Kijana anaweza kuwa kocha hodari na bado akafukuzwa shule kwa shilingi mia kadhaa. MYSA ikaanzisha tuzo za uongozi: vijana walikusanya pointi kwa kazi zao za kujitolea, ukocha, urefa, usafi, mafunzo ya afya, na waliofanya vizuri walilipiwa ada. Fedha zilikwenda moja kwa moja kwa shule aliyoitaja kijana. Katika mji ambao bahasha hupitia mikono mingi kabla ya kufika, kipengele hicho kidogo kina hekima ya mtu aliyewahi kuumwa.

Matatizo mengine yaliingia kwa mlango uleule. UKIMWI ulipoanza kuwazika wazazi wa wachezaji, na kisha wachezaji wenyewe, kuanzia 1994 vijana walifunzwa kuzungumza na wenzao waziwazi. Ilikuwa miaka mitano kabla Moi hajatangaza gonjwa hilo kuwa janga la kitaifa, wakati viongozi wa dini walikuwa bado wakichoma kondomu hadharani. Watoto waliookotwa barabarani na kufungiwa mahabusu walitembelewa, wakapelekewa chakula, na ikiwezekana wakarudishwa nyumbani. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, pamoja na Francis Kimanzi, kijana wa MYSA, waliwapa wavulana na wasichana 31 kamera za bei rahisi za plastiki. Kwa miaka mingi wageni walikuwa wameshuka bondeni kuipiga picha Mathare, wakaondoka nayo. Mradi ule, Shootback, uliwaachia watoto waipige wenyewe, na picha zao zikawa kitabu. Ndani ya picha hizo kuna matope na jeneza, lakini kuna pia harusi, mbwa, mama akicheka. Mgeni mwenye kamera ya bei kubwa mara nyingi hakuyaona hayo ya mwisho.

Francis Kimanzi ndiye mfano ninaoupenda zaidi katika kisa hiki chote. Alikulia katika mfumo huo, akaichezea Mathare United, timu ya wakubwa iliyoundwa na MYSA mwaka 1994, akaifundisha, kisha akaifundisha Harambee Stars zaidi ya mara moja. Wengi humjua kwa ukali wake kando ya uwanja. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alikuwa akiwafundisha watoto kushika kamera.

Mathare United yenyewe ilisumbua vigogo. Mwaka 1998 ilitwaa Kombe la Moi, shindano kubwa la mtoano nchini, ikiwa bado daraja la pili, na mwaka 2000 ikalirudia. Mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Dennis Oliech alipitia humo kabla ya kucheza Ufaransa. Lakini mchezaji wa Mathare United hakuachiliwa kustarehe kama nyota. Alitakiwa kutoa saa kadhaa za kila mwezi kuwafundisha watoto wa zoni au kufanya kazi nyingine ya jamii, na hilo lilikuwa sehemu ya makubaliano yake na klabu. Mtoto wa mtaa wa Huruma aliweza Jumapili kumshangilia mtu uwanjani na Jumanne kusahihishwa na mtu huyohuyo jinsi ya kupokea pasi kwa kifua.

Sasa lawama, maana zipo. Ya kwanza ni kwamba vijana walifanya kazi ya jiji bila malipo, na jiji likapata kisingizio cha kulala. Lawama hiyo ina uzito. Mtaro uliozibuliwa Jumamosi ulianza kujaa Jumatatu, na pointi 6 hazijengi mfumo wa majitaka. Mathare bado inafurika. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu humo, kisha tingatinga za serikali zikaja kubomoa nyumba za kando ya mto. Ya pili ni utegemezi. Wafadhili, Wanorway wakiwa mbele, walibeba gharama kubwa kwa miaka mingi, na safari za Norway Cup kule Oslo, zilizoanza mwaka 1990, zilikuwa ndoto tamu kiasi kwamba kuna vijana walioipenda ndege kuliko reki. Chama kinachofundisha kujitegemea lakini kinachoishi kwa ruzuku kina kitendawili cha kutegua. Ya tatu hunong'onwa zaidi ya kusemwa: kwamba Mkanada mmoja alikaa kileleni kwa muda mrefu mno kwa chombo kinachojivunia uongozi wa vijana.

Nikizipima lawama hizo, ya kwanza naielekeza kwa jiji, ya tatu naikubali kwa sehemu, na ya pili ndiyo inayoniumiza kichwa, kwa sababu sijaona kaunti yoyote iliyojitokeza kuchukua nafasi ya Wanorway.

Serikali ilijaribu kwa njia yake. Aprili 2020, korona ilipofunga kazi za vibarua, ilianzisha Kazi Mtaani, na Mathare ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza. Awamu ya pili ilipoanza, vijana zaidi ya 280,000 nchini walifyeka, wakazibua mitaro na kufagia kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku. Siwabezi, shilingi hizo ziliweka unga mezani mwaka wa njaa. Mwaka 2022 serikali ikabadilika na mpango ukafa. Mwaka 2024 ukaja mwingine, Climate WorX Mtaani, vijana wakarudi mitoni Nairobi wakiwa na makoti ya kung'aa. Reki ni ileile, mtaro ni uleule. Lakini kijana hachagui mtaro upi uanze, hachagui msimamizi, na mradi ukifungwa hakuna kamati inayobaki mtaani kuuliza kwa nini.

Kaunti ya Nairobi ina wodi 85, kila moja na mwakilishi wake. Mwakilishi anayetaka kuanza hahitaji mfadhili wa Oslo. Aitishe vijana wa wodi yake wachague kamati, awape sehemu ya fedha za usafi ambazo tayari zimo kwenye bajeti, akubali kuhojiwa nao kila mwezi, kisha akae kando wafanye kazi.